Pete za Mjomba

Mjomba alinipigia simu saa nne usiku, mwezi wa nane, na hakuanza na salamu.

"Wewe si ulisoma injinia?"

Nilijua tunakoelekea. Tangu nihitimu, mimi ndiye fundi wa ukoo mzima: Wi-Fi, pasi, mlango wa friji usiofunga. Nikamuuliza ni nini kimeharibika.

"Hakuna kilichoharibika. Nataka kuuliza habari ya pete."

"Pete? Mjomba, unaoa?"

Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Pete za darubini. Ya bunduki. Nataka kujua ziwe na kimo gani."

Sisi wawili tunaishi Minnesota. Yeye alikuja huku miaka ya tisini, akaendesha malori hadi akapata uraia. Mimi nilikuja juzi tu, kwa ile bahati nasibu ya grin kadi ambayo kila mtu Nairobi amewahi kuijaza kwenye saiba. Na kwa asiyejua, kama mimi nilivyokuwa sijui, darubini haikai juu ya bunduki hivi hivi. Inashikwa na pete mbili za chuma, moja mbele na moja nyuma, zinazofungwa kwa skrubu kwenye reli fupi iliyo juu ya mwili wa bunduki. Pete ndizo zinazoamua darubini ikae juu kiasi gani. Kati ya pete fupi na pete ndefu tofauti haizidi unene wa kidole. Mimi ningeingia dukani nikachukua zozote.

Kusema ukweli, mimi nisingeingia dukani. Bunduki ya kwanza niliyoiona kwa karibu ilikuwa bastola, ndani ya matatu, nikiwa darasa la nane. Ilikuwa imeelekezwa kwenye sikio la kondakta, na mwenye kuishika alikuwa akituambia kwa upole kabisa tutoe simu. Tangu siku hiyo, kwangu mimi bunduki ilikuwa na kazi moja tu, na kazi hiyo haikuwa na hesabu wala rula.

Kwa Mjomba mambo yalikuwa tofauti. Amezaliwa karibu na Voi, mahali ambapo ndovu wa Tsavo wakivuka usiku, asubuhi unahesabu mahindi yaliyobaki. Babu aliwinda kwa upinde. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji Kenya nzima, lakini Babu hakuacha, na swala mmoja akamgharimu miezi sita jela. Mjomba husimulia kisa hicho kila Novemba akiwa amevaa jaketi lake la rangi ya machungwa inayoumiza macho, ambalo sheria ya hapa humlazimu mwindaji alivae ili asidhaniwe mnyama. "Nyumbani ningeitwa jangili," husema. "Huku naitwa mwindaji. Tofauti ni karatasi mfukoni."

Kwa hiyo swali la pete halikunishangaza kwa sababu ya bunduki. Lilinishangaza kwa sababu Mjomba alikuwa na pete tayari, na alikuwa akizisifia. Pete zake zilikuwa fupi sana. Darubini ilikaa chini kiasi kwamba kati ya kengele yake ya mbele, pale palipo na lenzi kubwa, na mtutu, palipita karatasi moja tu. Alikuwa akiwaonyesha wageni. Anachomeka karatasi, anaivuta taratibu, anatabasamu. "Chini kadiri inavyowezekana," alikuwa akisema. "Hiyo ndiyo kanuni."

Kanuni hiyo si ya uongo. Darubini ikikaa chini, unalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, jicho linajikuta lenyewe mbele ya kioo, na kichwa hakiyumbi. Ikikaa juu mno, unalazimika kuinua uso, shavu linaachana na kitako, na unabaki unaelea na kidevu hewani kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani.

Ila kanuni hiyo ina shingo ndani yake. Inadhani shingo yako inakunjika.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya simu ile, mwezi wa pili, Mjomba aliteleza kwenye barafu akishuka kwenye lori. Daktari akamfunga pingili mbili za shingo kwa bamba la chuma. "Sasa hata mimi nina skrubu," alituambia kwenye simu, na sote tukacheka kwa sababu yeye alicheka. Alirudi kazini. Tulipomuuliza shingo inaendeleaje alisema iko sawa. Akitaka kuangalia nyuma aligeuka mwili mzima, kama kabati, na hakuna aliyesema neno.

Novemba ya mwaka huohuo nilimfuata porini kwa mara ya kwanza. Sikuwa na bunduki, nilibeba chai. Tulikaa kwenye kibanda cha mbao tangu giza. Saa tatu hivi asubuhi, kulungu dume akatoka kati ya miti, mbali kama urefu wa nusu uwanja wa mpira. Mjomba akainua bunduki. Nilikuwa kushoto kwake, nikimwangalia yeye badala ya mnyama, na niliona kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Alikuwa akihangaika na uso wake. Alishusha kidevu, akakiinua, akaiinamisha bunduki upande ili imfuate jicho, akarudi tena mwanzo. Alikuwa anakitafuta kioo. Yule kulungu akaanza kuondoka. Mjomba akafyatua.

Ilimpiga tumboni. Tulijua kwa damu: nyeusi, yenye vipande vya majani yaliyosagika. Tuliifuata hadi jua likazama, kisha tukaifuata kwa tochi. Tone moja hapa, hatua ishirini bila kitu, tone jingine pale. Saa tano usiku tukafika ukingoni mwa kinamasi na damu ikaisha. Mjomba alisimama pale na tochi yake akiwa ametazama maji kwa muda mrefu. Kwenye gari hakusema kitu hadi tulipoingia barabara kuu.

"Babu yako alikuwa akisema mnyama uliyemjeruhi ni deni."

Hayo tu. Nilidhani hatarudi tena porini. Miezi tisa baadaye ndipo akapiga simu kuuliza pete ziwe na kimo gani, na ilinichukua hadi nimekata simu kuelewa alichokuwa akiniambia. Alikuwa akiniambia kwamba shingo haitarudi.

Jumamosi nikaenda kwake na rula, karatasi na kile chombo cha kupimia unene ambacho mafundi wa jua kali huita venia. Tukaiweka bunduki kwenye meza ya jikoni. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuhakikisha haina kitu ndani: fungua boliti, tazama, ingiza kidole, kisha mpe mwenzako naye ahakikishe. Risasi zilibaki chumba kingine, zimefungiwa. Kila mmoja wetu alipotoka na kurudi, tulianza upya. Nilipenda jambo hilo. Lilikuwa jambo la kwanza kuhusu bunduki nililowahi kulipenda.

Hesabu yenyewe mtoto wa kidato cha pili anaiweza. Mwili wa darubini yake ni bomba la inchi moja, yaani milimita 25.4, hiyo ndiyo inayoamua upana wa pete, na hapo hakuna mjadala, kwa sababu pete ya bomba la milimita 30 haishiki bomba la 25.4. Kengele ya mbele imeandikwa 40, lakini 40 ni lenzi peke yake. Nje, pamoja na chuma, venia ilisoma 47. Nusu yake ni 23.5. Kutoka juu ya reli hadi kwenye mtutu, pale kengele inapokaa, kulikuwa na mteremko wa milimita 5. Na pete zake za zamani zilipandisha katikati ya darubini milimita 19 juu ya reli. Jumlisha 19 na 5, toa 23.5. Inabaki nusu milimita. Karatasi ya Mjomba. Hata kifuniko cha kukinga lenzi na mvua kilikuwa hakiingii, ndiyo maana alikuwa amekitupa.

Lakini hesabu hiyo inakuambia tu kimo ambacho huwezi kwenda chini yake. Haikuambii uende juu hadi wapi. Kwa hilo huwezi kupima bunduki. Lazima umpime mtu.

Tukaitoa darubini. Nikamwambia asimame vile anavyosimama, ainue bunduki begani, afumbe macho, atulie, kichwa kikae kinapotaka kukaa chenyewe.

"Usijitahidi," nikamwambia.

"Sijitahidi."

"Mjomba, unajitahidi. Naona mshipa."

Akashusha bunduki, akapumua, akaniangalia kama anataka kunifukuza jikoni kwake. Kisha akaipandisha tena, na mara hii akakiacha kichwa. Kilisimama wima, mbali na kitako, mahali ambapo kanuni yake ya karatasi isingekubali kamwe. Akafumbua macho. Nikaweka rula kutoka kwenye reli hadi usawa wa mboni ya jicho. Milimita 29. Tukarudia: 31. Tukarudia: 30.

Nikaandika 30 kwenye karatasi na kuizungushia duara. Alikuja akasimama nyuma yangu akaitazama ile namba muda mrefu. Pengo la milimita 11 kati ya pale darubini ilipokuwa na pale jicho lake lilipokuwa. Novemba nzima alikuwa akijaribu kulijaza kwa shingo yenye bamba la chuma.

"Kumi na moja tu," akasema.

"Kumi na moja ni nyingi, Mjomba."

Sasa sikilizeni nilivyojiaibisha. Niliagiza pete mtandaoni. Maduka huziita fupi, za kati na ndefu, lakini majina hayo hayana maana moja. Ya kati ya kampuni hii inaweza kuwa ndefu ya kampuni ile. Mimi, injinia, nikasema siangalii majina, naangalia namba. Milimita 30 hadi katikati ya bomba, toa nusu ya 25.4, unapata 17.3 hadi chini ya bomba. Nikatafuta, nikapata zilizoandikwa 17. Nikalipa kwa madaha.

Zilipofika tulizifunga, na darubini ikakataa hata kulala. Kengele iligonga mtutu kabla hatujaanza kukaza. Zilikuwa fupi kuliko zile za zamani. Kumbe kuna wanaopima kutoka kwenye reli hadi chini ya bomba, na kuna wanaopima hadi katikati yake, na namba ni ileile, haisemi imetoka wapi. Mjomba alizishika kiganjani akazigeuza. "Hii ndiyo digrii tuliyochangia harambee?"

Tukazirudisha. Mara ya pili nikauliza swali lililopaswa kuulizwa kwanza: mnapima kutoka wapi hadi wapi? Zilizokuja zilikuwa na 30 hadi katikati. Kati ya kengele na mtutu sasa palipita kidole, si karatasi. Tukanunua kifuniko kipya cha lenzi. Tukahakikisha mkono wa boliti ukiinuliwa haugongi kipande cha nyuma cha darubini. Tukaisogeza darubini mbele na nyuma hadi akaona duara zima la mwanga bila kivuli cheusi pembeni, na jicho lake likabaki karibu sentimita tisa kutoka kwenye kioo. Hilo usilifanyie mzaha, kwa sababu bunduki inaporudi nyuma, darubini iliyo karibu mno humpasua mtu juu ya nyusi. Skrubu tukazikaza kidogo kidogo, hii kisha ile, kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, maana ukiminya sana unalibonyeza bomba lenyewe.

Bado kulikuwa na tatizo. Kichwa kimekaa, jicho linaona, lakini shavu halina pa kuegemea. Ndiyo sababu wataalamu husema nunua pete fupi. Mjomba akaingia chumbani akatoka na mkeka wa mazoezi, ule wa kukunja, ambao daktari wa viungo alimwambia aunyooshee mgongo. Tukaukata vipande, tukaviweka juu ya kitako kimoja baada ya kingine hadi shavu likagusa bila kujilazimisha, kisha tukavizungushia bandeji ileile ya kunyumbulika iliyobaki tangu alipotoka hospitalini. Bunduki ikawa mbaya kutazama. Ikafanana na mgonjwa.

"Fumba macho," nikamwambia. Akaipandisha. "Fumbua."

Hakusema kitu. Alibaki vile vile, kichwa wima, anapumua. Mimi nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano.

"Naona ukuta wote," akasema hatimaye.

Kwenye uwanja wa shabaha tulianza upya kana kwamba bunduki ni mpya, kwa sababu ni kweli ilikuwa mpya. Darubini huangalia kutoka juu na risasi hutoka chini yake. Ukipandisha macho, lazima uifundishe mistari hiyo miwili kukutana tena. Karibu sana na mtutu, risasi itapiga chini ya pale unapolenga karibu kwa kimo kilekile kilichotenganisha viwili hivyo. Kwetu sasa kilikuwa kama sentimita nne na nusu, badala ya tatu na nusu hivi. Yadi 25 kwanza, kisha 100. Mjomba aliegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, akapiga tatu, tukatembea kuangalia, tukazungusha kirekebisho, akapiga tatu nyingine. Mzee mmoja wa pembeni akaziangalia pete, akatikisa kichwa, akasema kwa wema tu kwamba ziko juu mno. Mjomba angeweza kumweleza. Alimwambia, "Ndiyo, ziko juu," akaendelea kupakia.

Matundu matatu ya mwisho ungeweza kuyafunika kwa shilingi ishirini.

Novemba tulirudi kwenye kibanda kilekile. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili, jua likiwa linakaribia kutua, akatokea kulungu jike, peke yake, mbali kidogo kuliko yule wa mwaka uliopita. Nilimtazama Mjomba tena. Alipandisha bunduki mara moja, na uso wake haukutafuta kitu. Alisubiri. Akashusha bunduki kwa sababu yule mnyama alikuwa ameelekea kwetu moja kwa moja, akasubiri ageuke, akapandisha tena. Risasi moja. Alikimbia hatua kama arobaini, akaanguka, hakuinuka.

Tulipofika, Mjomba alipiga goti, akamwekea mkono ubavuni. Nilifikiri nijue cha kusema, na kwa sababu mimi ni mjinga wakati mwingine, nikasema, "Basi deni limelipwa."

"La," akasema. "Huyu si yule." Akatoa kisu, akanionyesha mahali pa kushika mguu.

Usiku tukampigia Nyanya kwa video. Mjomba akamwonyesha nyama iliyokwisha kukatwa, mifuko kwa mifuko, kwenye friji ya gereji. Nyanya akasogeza uso hadi tukawa tunaona paji peke yake. "Nyama nzuri," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu dirishani kwake Voi: "Na askari wa mbuga wako wapi?"

Wiki moja baadaye, nikiosha vyombo kwa Mjomba, bunduki ilikuwa mezani ikisafishwa. Akanipa nijaribu. Tukahakikisha haina kitu, yeye kisha mimi. Nikaiweka begani, nikafumba macho, nikatulia, nikafumbua. Giza tupu, na mwezi mwembamba wa mwanga chini kabisa. Nikainua shingo kama twiga, bado.

"Siyo yako hiyo," akasema. "Hizo ni za mwili wangu."

Akafungua droo, akatoa zile pete za zamani zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Aliondoa bandeji na vipande vya mkeka, akafungua skrubu, akazirudisha, akaniambia nijaribu tena. Shavu lilikaa. Nilipofumbua macho, nililiona dirisha lote la jikoni, pamoja na mti wa nje, na ndege juu yake, bila kivuli chochote.

Nilimrudishia bunduki. Akazitoa zile pete, akarudisha zake, akaanza kukaza skrubu kidogo kidogo, hii kisha ile. Zile fupi akanisukumia upande wangu wa meza.

Sina bunduki. Sijui kama nitakuwa nayo. Pete ziko kwenye droo yangu ya jikoni, pamoja na betri na funguo za nyumba niliyohama, na wageni wakiziona huniuliza ni za nini.